Usukani wa Boti ya Mama Mkwe

Mdomo wangu ndio ulionifanya fundi boti. Mimi ni seremala wa Shighatini, mtu wa mlimani, nimezaliwa katikati ya migomba na ukungu, na maji mengi niliyoyajua tangu utotoni ni yale ya mfereji uliopita nyuma ya nyumba yetu. Kazi yangu ilikuwa milango, mabenchi ya kanisa na majeneza. Katika hivyo vitatu jeneza ndilo lililokaribia boti kwa umbo, na wateja wake hawajawahi kurudi kulalamika kwamba linavuja.

Mambo yalianza siku ya gulio. Ilikuwa enzi za Mwingereza, wakati ambao sisi wa Tanganyika tulikuwa tukiambiwa kwamba hatutawaliwi, tunatunzwa. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka kwao, chini kule Ziwa Jipe, na tenga la samaki wakavu kichwani. Akalitua katikati ya watu. Jirani yangu mmoja akakunja pua akauliza, "Jamani, nini kinanuka hapa?" Nami, kwa tamaa ya kuchekesha watu, nikajibu: "Ni nyumba ya mama mkwe wangu, imekuja kututembelea."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mke wangu hakucheka. Alijitwika tenga lake na kurudi kwa njia ileile aliyojia, hata nyumbani hakupita.

Lazima nieleze uzito wa nilichokifanya, maana vijana wa leo wanawapigia mama wakwe zao simu kuwaomba chumvi. Enzi zile mtu aliweza kumtukana Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, kimoyomoyo, na hata mchungaji kwa chinichini, lakini mama mkwe hatukanwi hata ndotoni. Hatazamwi usoni. Ukimwona anakuja njiani, unaingia shambani kwa watu mpaka apite. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Kama mna jambo la kuambiana, mnampitishia mtu wa tatu: yeye anamwambia binti yake nawe unasikia, unamjibu binti yake naye anasikia, na wote wawili mnajifanya hamjasikiana. Nilikuwa nimeoa miaka sita na sikuujua uso wa mama mkwe wangu. Nilizijua kandambili zake tu.

Nikamtuma mshenga wangu ateremke na beberu wa kuomba msamaha. Baada ya siku mbili akapanda mlima akihema, na beberu nyuma yake amenenepa kidogo.

"Mbuzi anao," mshenga akasema. "Anasema asichonacho ni boti."

"Boti gani?"

"Ile ya marehemu mumewe. Uitengeneze. Siku atakayovuka ziwa na kurudi ndani ya boti hiyo bila kulowa, na wewe mwenyewe ukiendesha, siku hiyo utapanda mlima na mke wako. Akilowa, basi, utafute mwanamke asiyenuka."

"Kwa nini niendeshe mimi?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema aliyetengeneza ndiye atangulie kuzama."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Nyumba ilikuwa imepoa. Nilikuwa nikila ndizi zilizoungua kwa mikono yangu mwenyewe na nilimtaka mke wangu arudi, huo ndio ukweli. Nikafunga misumeno yangu kwenye gunia, nikateremka.

Boti ile aliiacha Mzungu mmoja aliyekuwa akija kuvua na kuwinda. Alipochoka na jua letu akaenda kwao, akamwachia baba mkwe wangu. Ilikuwa na mashine ya petroli iliyotolewa kwenye pampu ya shamba moja la mkonge huko Makanya. Baba mkwe aliivulia samaki mpaka alipofariki. Tangu hapo ilikaa ufukweni miaka minne, mchwa wakala sakafu yote na ile meza ya usukani iliyosimama juu yake, na kuku wa mama mkwe wakaamua kuwa hapo ndipo pa kutagia. Siku ya kwanza nilitoa mayai kumi na moja kabla sijapiga nyundo.

Kazi ya mbao haikunishinda. Niling'oa sakafu yote, nikaweka mpya, nikaziba nyufa kwa pamba na lami. Mashine niliipeleka Same kwa lori la mkonge, kwa fundi mmoja aliyekuwa na gereji nyuma ya stesheni, mtu mwenye majibu ya kila kitu pamoja na vitu asivyoulizwa. Akaitengeneza, na juu yake akanipa usukani wa lori lililopinduka, mduara mzuri mweusi.

"Huu unauweka mbele, upande wa kulia," akaniagiza.

"Kwa nini?"

"Dereva hukaa mbele kulia. Ndiyo sheria ya Mwingereza."

"Hiyo ni ya barabarani."

"Kwani ziwa ni la nani?"

Nikarudi ziwani na usukani mkononi, sakafu mpya inang'aa, na hakuna hata tundu moja la msumari wa zamani la kunionyesha meza ya usukani ilisimama wapi. Hapo ndipo shida yangu yote ilipo. Kuifunga si kazi: ni sanduku la mbao la kufika kiunoni, usukani juu yake, na waya mbili zinazopita ubavuni hadi kwenye ubao wa nyuma unaogeuza boti. Lakini liwekwe wapi?

Nikalichukua gunia la mahindi, nikalivika kanga, nikalikalisha ndani ya boti liwe mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe nisingeweza kumwita aje apimwe. Halafu nikachukua chaki nikaanza kuchora.

Nikijiweka mbele kama alivyosema yule wa Same, gunia linakaa nyuma yangu. Maana yake safari nzima nitakuwa nimempa mama mkwe makalio yangu, tena nikiinama kuwasha mashine. Nilikuwa nimeshatukana nyumba yake kwa mdomo, sasa nimtukane mwenyewe kwa makalio? Nikafuta chaki.

Nikijiweka nyuma, yeye anakaa mbele, na mimi namkodolea macho kutwa. Mama mtu mzima anataka kujikuna, anataka kunusa ugoro wake, atafanyaje na mkwe yuko mgongoni? Nikafuta tena. Katikati ndipo pabaya kuliko kote, kwa sababu boti ni nyembamba na magoti yetu yangegusana. Nilijaribu na gunia. Magoti yaligusana kweli, nikaruka nyuma nikasema "Samahani mama," kwa heshima zote.

Nikasikia mtu anacheka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye uzio na sahani yangu ya chakula. Kila siku alikuwa akiileta, anaiweka chini, anaondoka bila neno, kama anayemlisha mbwa wa jirani.

"Mama yangu si mnene hivyo," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa tangu siku ile ya gulio.

"Mke wangu," nikamwambia, "nisaidie. Usukani wa baba ulikuwa wapi?"

"Muulize mama."

"Nimuulizeje? Muulize wewe basi."

"Mimi sikumtukana," akasema. "Kuuliza si ujinga. Wewe nenda kaulize." Akaweka sahani chini, akaenda zake.

Ningeweza kumtuma mshenga, hata mtoto yeyote wa jirani. Sikumtuma mtu. Niliona haya, ndiyo, lakini zaidi ya haya nilikuwa na kiburi. Fundi mzima, mwenye mabenchi yake katika makanisa matatu, nikamuulize mwanamke asiyejua randa wala patasi? Nikakaa juu ya gunia nikafikiri, na shetani akanipa jibu zuri sana.

Nyumbani nilikuwa na mimbari. Mchungaji wetu aliniagizia, ya mbao za mninga, nzito, na msalaba nimeuchonga upande wa mbele. Ilikuwa imebaki kupakwa rangi tu. Sasa tazama: mimbari ina ukuta mbele na ukuta kila ubavu. Mtu akikaa kwenye kigoda ndani yake haoni watu na watu hawamwoni. Nikiiweka nyuma ya boti na kufunga usukani ndani kwenye nguzo yake, mama mkwe atakaa mbele kwa raha, ajikune atakavyo, anuse ugoro, na mimi nitaendesha nikiwa nimefichika. Adabu tupu! Ili nione njia nilitoboa tundu moja kwa keke, dogo kama lile la katikati ya senti za enzi zile.

Watu wanne walinisaidia kuiteremsha mlimani. Mchungaji alituona tukipita akadhani tunaipeleka kanisani, akatubariki.

Siku ya safari ufukwe ulijaa watu. Mshenga alikuwepo, kama shahidi. Mke wangu alisimama mbele ya nyumba yao, mikono kifuani. Nilijitumbukiza ndani ya mimbari mapema, nikakaa kwenye kigoda, nikasikia kandambili zikija. "Shikamoo mama," nikaziambia mbao. "Marahaba," akawaambia ndege. Akakaa mbele na vitu vyake viwili: panga la kukatia mafunjo yaotayo majini, na debe la kuchotea maji.

Nikawasha mashine. Ikakohoa, ikashika. Tukaondoka, watu wakapiga vigelegele, nami nikavimba kichwa humo ndani kama askofu.

Nilipochungulia kwenye tundu, nilichokiona ni fundo la kilemba cha mama mkwe. Basi. Ziwa lote, na nyuma yake Kenya nzima, vilikuwa vimezibwa na fundo la kilemba. Tena kumtazama mama mkwe kisogoni kupitia tundu ni nini kama si uchunguliaji? Nikaona haya, nikafumba jicho. Kwa muda fulani niliendesha boti ile kwa imani.

Nikasikia sauti yake. Hakuniambia mimi. Hatukuwa na mtu wa tatu, kwa hiyo alimtafuta wa karibu.

"Debe," akasema, "mwambie aliyeko madhabahuni kwamba mbele kuna mafunjo."

"Debe," nikajibu, "muulize mama, upande gani?"

"Debe, mwambie pande zote."

Nikakata kushoto. Mafunjo yakaanza kukwaruza ubavu wa boti.

"Debe," akasema tena, taratibu sana, "mwambie kuna mafunjo yenye masikio."

Sikuelewa upesi. Mtu wa migomba atajuaje? Nikachungulia, na safari hii kilemba kilikuwa kimeinama pembeni, nikaona masikio mawili yakipepea juu ya maji na macho chini yake yananitazama. Kiboko! Nikauzungusha usukani wa lori kwa nguvu zangu zote, kama yule dereva wa kwanza aliyelipindua.

Mama yangu! Nyuma kulikuwa na mashine, kulikuwa na mninga wa kanisa zima, na kulikuwa na mimi. Mbele alikuwa mama mmoja mwembamba. Pua ya boti ilikuwa imeshanyanyuka tangu tutoke, na tulipogeuka ghafla ile mimbari ikaegemea, boti ikalala ubavu, maji yakaingia kwa nyuma yakinguruma. Kigoda kikaelea. Nilikuwa ndani ya sanduku, maji yamenifika mapajani, nimeshika usukani, nasali Baba Yetu na kuruka mistari.

Mama mkwe akaanza kuchota. Debe likaenda likarudi, likaenda likarudi. Na kwa kuwa debe lilikuwa kazini, hakukuwa na wa kumpitishia ujumbe.

"Wewe!" akapiga kelele. "Wewe baba! Toka kwenye hilo likanisa lako, utatuua!"

Sikuweza kutoka. Mimbari ilikuwa imeegemea mashine nyuma yangu, ikanibana. Nikamsikia anatupa debe, nikahisi hatua zake kwenye sakafu yangu, halafu panga likashuka kwenye mbao juu ya kichwa changu. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu ukuta wa mbele ukang'oka na msalaba wake, ukaanguka majini. Tukatazamana.

Alikuwa na macho ya mke wangu. Yaleyale, na uwazi uleule kati ya meno ya mbele. Miaka sita nilikuwa nikiviona vitu hivyo nyumbani kwangu kila asubuhi, na sikujua vilitoka wapi. Na mtu huyu ndiye niliyemfanyia kichekesho sokoni. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli, si vibaya vya kutaka mke arudi. Vya kutamani nisingelisema neno lile.

"Samahani mama," nikasema, usoni kwake.

"Samahani baadaye. Shika debe."

Akanivuta kwapa akanitoa, akanisukuma mbele, akasimama mwenyewe penye usukani. Kilemba kimefunguka, kanga imelowa hadi kiunoni. Aliugeuza usukani kwa mkono mmoja, polepole, akipunguza mashine kwa mguu kama mtu anayesukuma kuku mlangoni. Boti ikainuka. Akaitoa katikati ya mafunjo kinyumenyume, akamzunguka kiboko kwa mbali, akaelekea kwenye maji meupe yasiyo na mafunjo. Mimi nilichota maji nikimtazama mdomo wazi, adabu yote imeshazama.

"Mama unajua kuendesha?"

"Nani alikuwa akiendesha, unafikiri, mzee akivuta nyavu? Mzungu?"

Akakanyaga sakafu kwa kisigino, hatua moja nyuma ya katikati, karibu na ubavu wa kushoto. "Usukani ulikuwa hapa. Nyavu zinavutwa kulia na uzito wote unakwenda kulia, mwenye usukani anakaa kushoto kusawazisha. Akitazama mbele, haoni mtu, anaona ziwa. Mwenzake akivuta nyavu amempa mgongo. Mnaweza kukaa kutwa bila kutazamana, wakwe na hata watu baki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuulizwa," akasema. "Mliulizana wanaume wote mpaka Same."

Ng'ambo hatukufika. Kitu pekee kilichovuka kwenda Kenya siku ile ni ule ukuta wa mimbari, niliuona ukielea na msalaba wake juu, bila pasi wala kibali. Tulipokaribia kona ya mafunjo, kabla watu wa ufukweni hawajatuona, mama mkwe akapunguza mashine.

"Njoo ukae," akasema.

Tukabadilishana. Akafunga kilemba vizuri, akakaa mbele, akachukua debe akalipakata. Uso akaugeuzia ziwani, na mimi nikauinamisha wangu, tukawa tena kama tunavyotakiwa. Nilipokunja kona nilikuwa naendesha mimi, nimenyooka.

Mshenga akaingia majini hadi magotini kutupokea. Aliitazama mimbari iliyokatwa. Alimtazama mama mkwe, ambaye kanga ilimgandia miguuni na maji yalichuruzika kutoka kila pindo. Mke wangu alikuwa ameteremka mpaka ukingoni, na nilimwona anatazama kanga ile, kisha ananitazama mimi, na macho yake yamejaa kitu ambacho sikuthubutu kukipa jina.

"Vipi?" mshenga akauliza.

Mama mkwe akashuka botini. Hakumtazama mshenga, wala mimi. Alilikalisha debe juu ya mchanga kama mtu wa heshima.

"Debe," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "waambie tumefika ng'ambo, kaendesha yeye, na sikulowa."

Akapita katikati ya watu, akiacha mchirizi wa maji hadi mlangoni kwake. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mke wangu akamfuata ndani, nikamsikia anavuta kikapu chake chini ya kitanda.

Kesho yake niliuhamishia usukani pale pale alipokanyaga kwa kisigino, sanduku dogo tu la kufika kiunoni. Mama mkwe akamwambia binti yake kwamba sasa inafaa, nami nikamwambia binti yake asante. Mchungaji nilimtengenezea mimbari nyingine. Hakuniuliza ya kwanza ilikwenda wapi mpaka alipohadithiwa na watu, akanitoa kwenye kwaya.

Tulipanda mlima siku ya gulio. Mke wangu alibeba kikapu chake, na tenga la samaki alinitwika mimi. Maji ya samaki yalinitiririka shingoni njia nzima, yakaingia ndani ya shati. Tulipofika sokoni jirani yangu yuleyule akakunja pua ileile, watu wakageuka kunitazama, wakingoja wacheke.

"Jamani, nini kinanuka hapa?"

Mke wangu akasimama. Akaweka mkono kiunoni, akaningoja.

"Ni mimi," nikasema. "Natoka kwa mama."